Baba wa Baba Yake

Mto ulipohama haukuaga. Watu waliamka wakakuta kingo mbili zinatazamana na katikati yake hakuna kitu, mchanga tu, na samaki wachache waliochelewa kuelewa. Wengine walisema umekwenda nyuma ya milima, wengine wakasema umerudi ulikotoka, na Bi Nunu, ambaye hakuna habari iliyopita mbele yake bila kutiwa chumvi, alisema mto ulichoka kunywewa na watu wasiojua kushukuru. Mji ule haukuwa na jina. Au ulikuwa nalo likaondoka na maji, maana ulikuwa ukiitwa kwa jina la mto, na si adabu kumtaja kila siku mtu aliyekukimbia.

Tangu hapo siku zikaacha kufuatana. Jumatano iliweza kuja, ikaondoka, ikarudi tena kabla Alhamisi haijapiga hodi. Mtu aliweza kulala kijana akaamka ana mvi, au akaingia msalani mtu mzima akatoka anakokota suruali, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mshangao nao unataka mtu aliyeshiba. Wanaume wa pale walikuwa wafyatuaji wa matofali tangu enzi na enzi. Udongo wao ulikuwa wa ukingoni, maji yao ya mtoni, na matanuri yao yalikuwa yakitoa moshi nyuma ya kila nyumba. Mto ulipoondoka, udongo ukawa jiwe. Siku za kwanza waliendelea kudamka na kwenda kusimama kando ya matanuri yaliyopoa, mikono kifuani, kama watu wanaosubiri mkubwa fulani aje awape ruhusa ya kuondoka. Baadaye wakakaa chini. Baadaye, sijui nani alianza, wakaanza kupungua.

Walipungua taratibu. Mashati yakawapwaya, viatu vikawavuka, sauti zikawapanda. Mwishowe ungemkuta baba zima, lenye ndevu zake, linashinda mtoni likifyatua vitofali vya mchanga mkavu kwa kasha la kiberiti, linajenga nyumba isiyofika magotini, na ukuta ukibomoka linakaa chini linalia. Wake zao waliwaita jioni waje kula, wakaja wakiwa wamejaa mchanga. Na watoto je? Mtoto hawezi kuwa mtoto katika nyumba ambayo nafasi hiyo imeshachukuliwa.

Mbaruku alikuwa mtoto wa kwanza wa Sufiani na Mwanamvua, na ndevu zake ndiyo kwanza zilikuwa zinachungulia. Shida yake ilianza kabla hajazaliwa, kama shida nyingi. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba yake, na jina haliji peke yake. Marehemu huja nalo. Basi baba mzazi humwita mwanawe Baba, humwamkia, humwomba ruhusa, na mama humwita baba mkwe. Miaka ya neema, desturi hii ilikuwa mzaha mtamu. Watu walikuwa wakicheka hadi kushika mbavu wakimwona bwana mzima mwenye misuli amepiga goti mbele ya kitoto kinachotokwa na udenda, anasema, Baba, naomba ruhusa nikanywe togwa, na kitoto kinaitikia kwa kichwa. Lakini mzaha nao una tumbo. Mto ulipohama, kicheko kiliondoka na desturi ikabaki, kavu, ina mifupa mitupu.

Na huyo Mzee Mbaruku wa kwanza hakuwa mtu wa mzaha hata kidogo. Ndiye aliyekuwa na tanuri kubwa kuliko yote mjini. Alikuwa mkali hata kwa kivuli chake mwenyewe. Mwanamvua alikuwa bi harusi alipomkuta, na alimwogopa tangu siku ya kwanza aliyompelekea uji. Sasa fikiria unajifungua, unaletewa mtoto ukiwa bado umelala, unaambiwa, huyu ni mkweo. Alimnyonyesha akiwa amegeuza uso ukutani, kanga imemfunika kichwa, kwa heshima. Hakumwogesha. Ni nani anayemwogesha mkwewe? Bi Nunu wa jirani ndiye aliyekuja kumwogesha. Hakumbeba mgongoni, hakumpiga, hakumtekenya, hakula mbele yake. Kila asubuhi, tangu mtoto alipoweza kushika kikombe, alimpelekea uji kwa magoti yote mawili na kurudi kinyumenyume. Wahenga wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakutuambia lolote juu ya mwana umwogopaye.

Mbaruku alikua akijua mambo ambayo hakuyatenda. Hilo ndilo lililomkondesha. Alipokuwa akichota maji katika kisima cha mbali, mara mkono wake ungekumbuka kitu: kamba, au kisigino cha mtoto kinachopiga mateke, au mlango mzito wa bati la tanuri unaofungwa kwa nje. Mtoto aliyepigwa hukumbuka pigo. Yeye alikumbuka kupiga. Aliutazama mkono wake mwembamba wenye michirizi ya vumbi, akaona aibu, akauficha nyuma. Kisha kikaja kikohozi. Kikohozi cha moshi, kikavu, cha mtu aliyechoma matofali maisha yake yote, katika kifua cha kijana ambaye hajawahi kuona tanuri likiwaka. Kisha ukaja unywele mweupe mmoja juu ya sikio, akaung'oa, na kesho yake ukarudi na jamaa zake.

Kama mimi ni baba wa baba yangu, alijiambia, basi mimi ni nani wangu mwenyewe. Tuseme mtu ni shimo ambalo wengine huzikia watu wao. Tuseme nina mahali pangu, padogo, chini ya kucha labda, ambapo Mzee hajafika. Nani atapatafuta. Mtu hajiiti mwenyewe. Hata ukijiita, ni nani anayeitika? Lazima aje mwingine, asimame mlangoni, aite. Na akiita jina, jina si langu. Kwa hiyo si jina ninalolitaka. Nataka lile neno jingine, lile dogo, ambalo Tabu analipata bure.

Tabu alikuwa dada yake mdogo. Jina lake lilikuwa la tabu lakini yeye mwenyewe alikuwa mtoto halali wa nyumba ile, kwa sababu hakubeba marehemu yeyote. Kila jioni Sufiani, hata alivyopungua, alikuwa akimpigia kelele kutoka uani. Mwanangu, njoo unitoe mwiba. Mwanangu, umeona kasha langu la kiberiti? Mbaruku aliyasikia hayo akiwa chumbani, akalirudia neno kimya, akilionja ulimini. Alikuwa na njaa nyingi, kama kila mtu pale, lakini hii ndiyo iliyomuuma.

Ikakaribia siku yake ya kukalishwa.

Kukalishwa ni hivi. Ndevu za wajina, yule aliyebeba jina la marehemu, zikianza kuchungulia, yeye huwekwa juu ya kigoda cha marehemu, huvishwa kanzu yake na kushikishwa bakora yake. Watu wote waliokosewa na marehemu, ambao bado wana kinyongo, huja mmoja mmoja kumlalamikia. Yeye hujibu neno moja tu kwa wote: nimekosa. Basi, kinyongo kinakwisha, marehemu analala vizuri. Zamani, yakishatoka hayo, kijana alishuka, watu wakala ubwabwa, na kesho yake alikuwa barabarani anakimbizana na wenzake. Tangu mto uhame, waliokalishwa walikuwa hawashuki. Kigoda kilibaki nyumbani lakini kukaa kulibaki mwilini mwao. Mchana wote walijipanga kando ya ukuta mrefu uliotazama mtoni, migongo imepinda, bakora mkononi, vijana wa juzi. Chande, aliyekuwa akimfundisha Mbaruku kupiga mbinja kwa vidole viwili, alikuwa pale tangu msimu uliopita. Ukimwamkia anajibu, nimekosa. Ukimuuliza kama amekula, nimekosa. Mbuzi akipita akalia, Chande anamwomba radhi mbuzi. Baadhi yao siku moja huinuka, wakashuka mtoni, wakafuata njia ya maji yaliyokwishakwenda, na hakuna aliyewahi kurudi kusema kama waliyakuta.

Mbaruku alikwenda kwa Bi Nunu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikalisha. Alimkuta kibarazani anachambua mchicha uliokauka.

"Shikamoo Bi Nunu."

"Mara..." Bi Nunu akaumeza mwitikio wake. "Aa, hapana. Usinitie madhambini. Kesho ni mimi nitakayekupigia magoti."

"Leo bado."

"Haya. Leo bado. Marahaba. Kaa."

Alikaa. Alimwangalia akitenganisha majani na vijiti, na vijiti vilikuwa vingi kuliko majani.

"Bi Nunu, aliyekalishwa hawezi kushuka?"

"Kushuka anashuka. Sharti ashushwe."

"Na nani?"

"Na baba yake, nani mwingine. Malalamiko yakiisha, baba mtu anasimama mbele ya watu anasema, mwanangu, shuka tule. Kigoda hakimkai mtu aliyeitwa mwana. Kinamtema."

"Mbona Chande hakuitwa?"

Bi Nunu aliacha mchicha. "Baba yake Chande alikuwa mtoni anacheza. Tukamtuma mtu. Akasema msubiri, anamalizia ukuta."

"Na wengine?"

"Wengine ni hivyo hivyo. Mmoja alikuja, maskini, akasimama, akasahau alichoitiwa. Akaomba maji." Alimtazama kijana kwa jicho la mtu aliyemwogesha, aliyejua kila kovu lake lilipo na lilivyopatikana. "Zungumza na baba yako, Mbaruku. Zungumza naye mapema, wakati jua liko upande wake."

Alimkuta Sufiani katikati ya mto mkavu. Alikuwa amepungua tena. Mikono ya shati ilimfunika vidole, na aliikunja kila mara ikakunjuka. Alikuwa amejenga nyumba nzuri kweli, yenye madirisha, na nyuma yake alikuwa ameweka vitofali mviringo, bila mlango. Alipomwona Mbaruku aliruka, akaficha kasha la kiberiti mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Mbaruku, kwa kuwa kutoitikia ni utovu wa adabu. Akachuchumaa mbali kidogo ili asibomoe kitu. "Nyumba yako nzuri."

"Hutaivunja?"

"Siivunji."

Sufiani aliendelea kusimama, tayari kukimbia. Mbaruku alijua hilo tangu zamani, kwamba mtu huyu aliyemzaa alikuwa akimwogopa, na kwamba hofu ile haikuwa yake, lakini ilimwangukia yeye kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuangukiwa. Watu hudhani mwenye enzi ni yule anayeogopwa. Wangemwona Mbaruku siku ile, amechuchumaa mchangani, anatafuta namna ya kuomba kitu ambacho kila mbuzi humpa mtoto wake bila kuombwa.

"Kesho wakimaliza kulalamika," alisema, "nataka uniite mwanangu."

Sufiani alicheka kidogo, akadhani anatekenywa na maneno. Kisha akaona si mzaha. "Mwanangu ni Tabu."

"Najua. Nasikia kila siku."

"Wewe ni baba."

"Mara moja tu. Ukitaka, sema kwa sauti ndogo, ilimradi watu wasikie."

"Nikikuita hivyo, yeye atakwenda wapi?"

"Nani?"

"Mzee." Sufiani alikaza macho kwenye kifua cha kijana, si usoni. "Yumo humo. Hana mahali pengine. Alikufa mchana, amelala, hakuumwa, hata kikombe chake cha chai kilikuwa bado na moto. Mimi nilikuwa na maneno yangu nimeyaweka, baba. Nimeyaweka tangu nikiwa hivi." Akaonyesha kwa kiganja kimo cha mtoto, na kiganja hakikushuka sana. "Nilikuwa nangoja nikue, nimwambie. Nikawa nakua, nakua, halafu akafa. Sasa ukiwa mwanangu, mimi nitamlalamikia nani?"

Hapo Mbaruku alimhurumia, na huruma hiyo ilimchosha, maana hakuwa ameizoea na alijua itamgharimu. "Nilalamikie mimi," alisema. "Sema yote. Nitakaa nisikie mpaka mwisho. Halafu ndiyo uniite."

"Yote?"

"Yote."

"Na utajibu?"

"Nitajibu."

Sufiani alichora mchangani kwa kidole cha mguu. "Nitajitahidi, baba," alisema mwishowe.

Kwa ahadi hiyo Mbaruku alirudi nyumbani akiwa na kitu kilichokaribia kuwa furaha. Mwanamvua alikuwa uani anaifua kanzu ya marehemu kwa maji kidogo sana, karibu akiisugua kwa mikono mitupu. Mbaruku alipita, akajikwaa kwenye beseni, akaanguka mbele yake. Mkono wa mama ulimfikia kichwani kabla mama mwenyewe hajajua. Ukakaa hapo juu ya nywele, ukiwa na povu, muda wa pumzi moja. Kisha aliuondoa kama aliyegusa sufuria la moto.

"Nisamehe, baba mkwe," alisema, akafunika uso.

"Mama."

"Uji wako uko tayari, baba mkwe. Nakuletea."

Aliuleta kwa magoti. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilishika kikombe.

Siku ya kukalishwa iliingia bila kutanguliwa na alfajiri. Jua lilikuwa utosini mara moja, na watu walikuwa wameshajaa uani wamekaa kwenye mikeka. Bi Nunu alimvisha Mbaruku kanzu, ikamkaa sawasawa, jambo lililomwogopesha kuliko kama ingempwaya. Kigoda kilikuwa cha chini, kimechongwa kwa mti mweusi, kina kibonde katikati kilichochimbwa na makalio ya miaka. Alipokaa, kibonde kilimpokea. Watu wote walisema shikamoo kwa pamoja.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa mepesi. Bwana mmoja alilalamika kuwa marehemu hakumwitikia salamu mwaka wa nzige. Nimekosa. Bi Nunu mwenyewe alipiga magoti, akasema marehemu alimpiga jogoo wake kwa bakora hiyo hiyo, na jogoo hakuwika tena. Nimekosa. Wafyatuaji walikuja wakiwa wameshikana mikono, wafupi, wamechafuka mchanga, wakasema aliwafanyisha kazi siku za homa na kuwacheka walipozimia. Nimekosa. Kila neno lilipotoka, Mbaruku alihisi kitu kinashuka mgongoni mwake na kukaa, tofali juu ya tofali. Aliwatazama watu wakirudi kwenye mikeka na nyuso nyepesi. Ikamjia kwamba kinyongo hakiishi duniani hata siku moja, kinahamishwa tu, na mji mzima ulikuwa umekubaliana, bila kukutana wala kupiga kura, kwamba kihamishiwe kwa wale ambao bado hawajajua kukataa.

Mwisho alikuja Sufiani.

Alikuja peke yake kutoka mtoni. Tabu alitaka kumshika mkono, akaukataa. Alisimama mbele ya kigoda na kichwa chake kilifika kwenye goti la Mbaruku. Alikuwa anatetemeka. Hata jua lilirudi nyuma kidogo kutoka utosini, kivuli kikapata nafasi.

"Niliangusha matofali," alisema Sufiani. "Yalikuwa mabichi. Sikukusudia. Ulinishika hapa, ukanitia ndani ya tanuri, ukafunga. Ulisema utaliwasha asubuhi. Sikujua kama ni kweli. Nilikaa humo nikingoja asubuhi. Palikuwa na giza na majivu. Niliita, nikakusikia unakohoa nje, karibu kabisa, umekaa. Hukufungua. Ulikuwa unanisikia, baba. Mpaka leo nikiona mlango wa bati najikojolea. Nimeoa, nimezaa, na bado."

Mbaruku alikuwa anakumbuka. Aliukumbuka mlango kwa upande wa nje, ubaridi wa bati mgongoni, na kwamba aliyekaa pale alikuwa ameshika kufuli tayari kulifungua na hakulifungua, na hakujua kwa nini. Labda naye aliwahi kuwekwa mahali. Labda nyuma yake kulikuwa na mwingine aliyeshika kufuli, na nyuma ya huyo mwingine, hadi kwa mtu wa kwanza aliyeuumba mto.

"Nimekosa," alisema.

"Sivyo," alisema Sufiani.

Watu walitazamana.

"Hilo umemwambia kila mtu. Umemwambia Bi Nunu kwa ajili ya jogoo. Mimi si jogoo." "Mimi niite kwanza. Niite mwanangu."

"Tulikubaliana," Mbaruku alisema kwa sauti ya chini, akijiinamia. "Jana. Wewe ndiye uniite."

"Niite kwanza."

"Nikikuita sitashuka tena. Baba, nitazame. Nitazame usoni, si kifuani. Mimi ndiye mwanao. Nilizaliwa nyumba hii, Bi Nunu ananijua. Sema neno moja nishuke, halafu nitakubembeleza siku zote utakazo, nitakutafutia mto mwingine."

"Siwezi," alilia Sufiani. "Sina. Nitakupaje na mimi sikupewa?"

Wakabaki hivyo, watoto wawili, kila mmoja anadai kwa mwenzake kitu ambacho wote hawana. Ni nani mkubwa kati ya wawili wanaolia? Ni yule anayenyamaza kwanza. Hakuna cheo kingine duniani, na hakuna anayekitaka. Mbaruku aliwatazama watu, kama kuna atakayesimama. Mwanamvua alikuwa amefunika uso kwa heshima. Bi Nunu aliangalia chini. Mtoto aliyekuwa mbele ya kigoda alikuwa akilia kwa kwikwi, kamasi zinamtoka, amelowa, hana mbele wala nyuma, na baridi ya tanuri ilikuwa bado inamtoka ngozini. Mbaruku alijisikia akinyoosha mkono. Ulikuwa mkono ule ule.

"Nimekosa, mwanangu," alisema.

Sauti ilikuwa nzito, ya moshi, na haikuwa na ufa wa kijana hata mmoja. Sufiani aliacha kulia. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akapanda mapajani mwake, akajikunja, akaweka kidole mdomoni, akalala hapo hapo, usingizi wa mtu aliyekesha miaka.

Watu walisubiri. Desturi ilikuwa bado na kipande chake cha mwisho: baba mzazi aamke, asimame, aseme mwanangu, shuka tule. Bi Nunu alimsogelea, akainama, akataka kumtikisa bega. Akaona jinsi alivyolala, mdomo wazi, uso umelainika. Akaurudisha mkono. Kumwamsha mtoto aliyelala hivyo ni unyama, na watu wa mji ule hawakuwa wanyama. Walikunja mikeka yao taratibu, wakavua viatu wasifanye kelele, wakaondoka kwa kunyata. Mbaruku aliwafuata kwa macho mpaka wa mwisho. Alitaka kuwaita, lakini naye aliogopa kumwamsha.

Sufiani aliamka siku nyingine, au ilikuwa siku ile ile imerudi. Shati lake lilikuwa limemwenea. Alijinyoosha, mifupa ikalia, akasimama kimo chake chote, mtu mzima mwenye mabega, na wala hakutetemeka. Alimbusu mkono mzee aliyekuwa kwenye kigoda, akamwambia asante baba, akaingia ndani. Alisikika anacheka na mkewe. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaung'oa mlango wa bati la tanuri kwa mikono yake, akautupa mbali. Akarudi akagongelea misumari kiti kilichovunjika, akamkalisha Tabu juu yake kujaribu kama kitabeba. Nyumba ilikuwa imepata baba. Mzee aliyaona yote hayo kutoka kwenye kigoda, na alijua kinachofuata. Mwanamume aliyekamilika huhesabu watu wake.

Sufiani alitoka uani akifuta jasho. Alitazama huku na huku.

"Baba," alisema, kwa adabu, bila hofu, "umemwona mwanangu?"

Mzee alijaribu kusimama. Magoti yalikataa. "Tabu?" aliuliza, na kikohozi kikamkatiza.

"Tabu nimemwona. Yule wa kwanza. Wa kiume." Sufiani alikunja uso, akitafuta. "Kijana mwembamba. Alikuja kuniomba kitu kule mtoni, nikamwahidi. Nimesahau hata jina lake, baba, aibu gani hii. Nataka nimwite tule."

Mzee alifungua mdomo. Alikuwa na neno hilo, alilijua, lilikuwa fupi, ni mimi, lakini kilichokuwa kifuani kwake kilikuwa kimekwishakaa, kikajaa, na kikohozi kilipita mbele ya kila kitu. Sufiani alimpigapiga mgongoni kwa upole, akamfunika mabega kwa shuka.

"Pumzika, baba. Nitamtafuta mwenyewe. Hajafika mbali."

Akatoka. Alipita kando ya ukuta mrefu unaotazama mtoni, akaita kwa sauti kubwa ya mwanamume aliyeshiba usingizi: mwanangu. Akaita tena: mwanangu. Ukuta mzima, mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wamekaa pale wakainua vichwa. Sufiani aliwaona wamemgeukia, wazee watupu, bakora mikononi, macho yamewatoka. Aliwainamia, akawaamkia shikamoo, akapita.